Utelezi

Hatukusikia kishindo. Tulisikia kimya:
vyura wa bonde la Mpologoma, wasionyamaza hata msibani,
walikatika wote kwa pamoja
kama darasa lililoingiwa na mwalimu.

Kulipopambazuka mabehewa saba yalikuwa yamelala ubavu mpungani,
la nane limepiga magoti,
na tangi la mwisho likivuja taratibu
kama mtu asiye na pa kuwahi.

Nani alisema ni mafuta?
Mimi sikusema. Lakini nilikuja na jerikeni mbili,
Logose na tatu, na Wamudanya, mwalimu wa hesabu,
alileta pipa juu ya baiskeli na hakumtazama mtu usoni.
Tukakinga.
Nikachovya dole gumba, nikalisugua na kidole cha shahada:
likateleza, laini, kama la mwali aliyeandaliwa.
Nikamwambia Logose, "Haya ni mafuta safi."

Kijana wa ovaroli nyeupe ndiye aliyenieleza,
akinimwagia maji mkononi nusu saa nzima, jicho kwenye saa yake:
Mama, yale ni magadi makali,
yalikuwa yanapelekwa kiwandani kupikia sabuni.
Ule utelezi ulikuwa wewe.
Mafuta ya kidole chako ndiyo yaliyokuwa yakigeuka sabuni.

Aliyasema kwa upole. Afadhali angefoka.

Mpunga ulikuwa umeanza kubeba.
Sasa umesimama, rangi ya karatasi iliyobabuliwa na moto.
Kamongo, anayelala topeni kiangazi kizima na asife,
alipanda juu mchana kweupe
akichunika kama muhogo uliochemshwa.
Kisima kimezungushiwa utepe mwekundu
uliofungwa kwenye mgomba wangu, bila kuniuliza.
Maji tunauziwa, jerikeni shilingi elfu moja.
Muuzaji ni mwalimu Wamudanya.
Pipa ameliosha, anasema.

Siku ya sita wakaleta meza, kitabu cha fidia, kidau cha wino.
Weka dole gumba hapa, mama.
Nikaweka.
Likatoka doa tupu lisilo na mstari,
jeusi, linang'aa kama mbegu ya papai.
Karani akasema, rudia.
Nikarudia.
Akaniangalia. "Una uhakika ni wewe?"

Kisha mkubwa wao akasimama na swali moja tu:
mataruma kumi na moja yamekutwa hayana msumari hata mmoja,
nani aliing'oa?
Budumba nzima ikatazama chini kana kwamba imedondosha sindano.
Higenyi wangu, aliyeigonga reli hiyo miaka kumi na minne
kabla hawajamwachisha kwa barua ya mistari miwili,
akakohoa.

Mlango wetu hufungwa kwa chuma kinene chenye kichwa cha mraba.
Alikileta jioni moja kimeviringishwa kwenye gazeti,
mwaka ule wezi walipochukua mbuzi.
Sikumuuliza alikipata wapi.
Niliuliza tu kama kitatosha tundu.

Msumari mmoja hauangushi treni.
Hilo nimejiambia mara nyingi, nikienda kununua maji,
nikirudi, na njiani
nikijikuta nahesabu milango ya majirani.

Siku ya tisa njia ikafunguliwa.
Treni ikapita usiku wa manane, polepole,
kama mgonjwa anayejaribu miguu,
na chuma kikaanza kutetemeka mlangoni,
tii, tii, tii, kama kinaitwa kwao.
Higenyi akanyoosha mkono gizani, akakishika
mpaka behewa la mwisho likavuka daraja.

Hatukusemezana.
Nililala nikilipapasa dole langu, nikitafuta mstari hata mmoja.
Nje, vyura bado.