Viwili vya Pindoni

Bibi Yesubai aliuza sufuria yake ya shaba
akanunua sari nyeupe ya bei ya chini,
akaisuuza kwa buluu, akaianika usiku juu ya ua wa miiba.
Treni ya Nagpur ilijaa weupe hadi juu ya paa.

Kijijini kwao kisima kilikuwa na wenyewe.
Yeye alikinga viganja, akimiminiwa kwa mbali,
kama mtu anayemwagilia mche asioutaka.

Uwanjani midomo laki kadhaa ikaapa pamoja
viapo ishirini na viwili.
Bibi alihesabu kwa vidole vya mikono, kisha vya miguu,
vikabaki viwili havina kidole.
Akavifunga pindoni, penye nauli ya kurudi.

Nyumbani miungu yake aliitosa mtoni
isipokuwa mmoja, mdogo, wa shaba, mzito:
huyo akawa jiwe la mizani.
Alipimia vitunguu miaka thelathini
na hakuna mteja aliyepunjwa.

Leo nimesimama chini ya kuba, Oktoba, jua la saa saba,
nimevaa sari ile ile, sasa rangi ya maziwa.
Kuba ni tupu ndani. Ukikohoa, linakujibu.
Watu wananunua vitabu, wanamenya machungwa;
mwanangu Karuna anatafuta ndara zake kati ya ndara elfu.

Penye bomba nafungua mwenyewe.
Halafu, sijui kwa nini,
nakinga viganja vyote viwili,
nakunywa hadi viwiko vinachuruzika.

Nashika pindo.
Fundo bado lipo.