Jibu kwa Nsimire wa Idjwi

Karatasi yako ilifika Jumanne na boti ya mananasi,
imekunjwa mara nne, inanuka sambaza.
"Fundi, cherehani yangu inaruka mishono. Nifanye nini?"
Basi. Hata kama ni ya mkono au ya miguu
hukusema.

Nami nilikuwa na suruali kumi na moja za wanafunzi,
umeme umekatika tangu alfajiri,
mvua inayachapa mabati ya Kadutu kama yana deni.
Nikaandika: Badilisha sindano.
Maneno mawili. Nikaona nimekusaidia.
Sikusema uongo, ndiyo maana
nilichelewa kuliona kosa.

Maana hata mimi niliwahi kuuliza.
Mzee Zihindula, mbele ya karakana yake kule Nyawera,
hakuinua kichwa. "Tazama vizuri," akasema.
Nikatazama vizuri siku tatu, chakula hakipiti.
Macho nilikuwa nayo.
Sikujua pa kuyaweka.

Nikaichana ile karatasi. Nikawasha mshumaa.

Nsimire, ncha ya sindano ipitishe polepole juu ya ukucha.
Ikikwaruza, imepinda: itupe, usiihurumie.
Ukitia mpya, papasa shina lake, upande mmoja ni bapa.
Bapa hilo ligeukie kule uzi usikoingilia.
Nimekuchorea pembeni; kile kinachofanana na mguu wa kuku
ndiyo sindano, unisamehe.
Isukume juu mpaka igome, ndipo ukaze skrubu.
Sasa jaribu kwenye kitambaa kibovu,
si kwenye gauni la mteja,
na uzungushe gurudumu kwa mkono, bila haraka,
usikilize.
Kama bado inaruka, toa uzi wote, anza upya toka juu.
Kama bado, sijui.
Niandikie ulichokiona,
si ulichodhani utakiona.

Pale penye "sijui" kalamu ilisimama.
Miaka kumi na tisa ya ufundi, na kibao mlangoni!
Nilitaka kulifuta. Mshumaa nao ulikuwa unakwisha,
nikaliacha.

Boti iliondoka Alhamisi. Wiki mbili, kimya.
Suruali zikaisha, zikaja nyingine.

Halafu ukurasa wako, safari hii umejaa hadi pembeni:
sindano nzima, bapa limekaa sawa,
ukaanza upya toka juu kama nilivyosema,
ukainamisha taa, na kati ya vile visahani vya kukazia uzi
ukaona kauzi kekundu, kafupi kama kope,
ka gauni alilolishona marehemu mama mkwe wako
kabla mashine haijawa yako.
Umekatoa kwa mwiba wa mchungwa.
Umekahifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo.

Hilo sikulijua.
Au nililijua zamani, nikalisahau kwa kulizoea.

Jana amekuja kijana wa Panzi, mashine begani, jasho tupu.
"Inaruka mishono, mzee."
Mkono wangu ulishaanza kwenda kwenye kopo la sindano.
Nikaurudisha.
Nikamwambia, "Ondoa vitambaa kwenye kile kiti, ukae.
Ni ya mkono au ya miguu?"
Tukaanza na ukucha.
Tulipofika kwenye visahani nikainamisha taa,
nikamtajia uzi mwekundu,
nikamwambia nani alinifundisha.