Maji Baridi Kwanza

Alikuja jioni, hana kilemba,
vumbi la Babeli lingali katika matamshi yake.
"Wewe ndiwe Yehoadani, binti wa mfuaji?"
Ndimi. Ingia, ila inama:
boriti hii iliungua nusu mwaka ule,
nasi hatujapata nyingine.

Akaketi juu ya jiwe langu la kufulia,
Azarikamu, kuhani mkuu wa mji usio na malango,
mjukuu wa yule ambaye mama alimfulia kanzu.
Gombo amelikumbatia kama mtoto mwenye homa.
Humu mna yote, akasema: upana wa mshipi,
njuga na komamanga, njuga na komamanga, pindoni pande zote.
Ila sijapata kuona madhabahu ikiwaka.
Baba alinifundisha kuchinja kwa kijiti,
alimchora kondoo kwenye tope, ukingoni mwa mfereji;
maji yakapanda, kondoo akafutika,
akamchora tena.

Kisha akaniuliza mambo ambayo barazani wangemcheka.
Njuga zililiaje?
Na moshi, uliwaumiza macho, au pana mahali pa kusimama?

Nilikuwa na miaka tisa mji ulipoanguka.
Ninachokijua kimo mikononi, si kichwani.
Nikamwambia: njuga hazikulia, zilikohoa,
mafuta ya kondoo yalikuwa yamezishika koo.
Mama alizisugua kwa majivu kabla ya Sikukuu ya Vibanda,
na hata hivyo moja, ya saba kutoka mshononi, ilibaki bubu.
Babu yako aliijua. Alikataa isibadilishwe.
Na moshi: hatua mbili kushoto.

Akacheka. Ndipo nikaona alivyo mdogo.

"Na kifuko cha kifuani? Urimu na Thumimu, uliziona?"
Hatukukifungua kamwe.
Mama alikianika kivulini, mimi nikifukuza ndege.
Siku moja nilikibonyeza kwa kidole gumba.
Mlikuwa na kitu. Siwezi kuapa kwamba ni jiwe.

Changu kitupu, akasema.
Wananiletea kesi za mipaka, na watu
ambao majina ya baba zao hayamo katika orodha,
na wote, wakisema nami, hukitazama kifua changu.
Nawaambia: ngojeni.

Beseni lilikuwa na kokoto mbili nyeusi, laini.
Nilizitazama. Aliniona nikizitazama.
Taa ikachechemea, nikaitia mafuta,
na niliporudi kukaa kokoto zilikuwa pale pale.
"Kishone kitupu," akasema.
Nikakishona, mishono midogo, usiku kucha,
nikichukia wepesi wake.

Siku ya kwanza ya moto, wazee walilia,
vijana wakapiga vigelegele,
na aliyekuwa mbali hakuweza kupambanua sauti hizi na zile.
Mimi sikufanya lolote. Niliitazama mikono yake.
Kisu kiliingia vizuri; damu ikaruka mpaka kiwikoni.
Moshi ukamjia usoni, akafumba macho, akakohoa kama njuga,
na mbele ya Israeli yote
akasogea hatua mbili kushoto.

Jua lilipotua akaileta kanzu mwenyewe.
Wasichana watatu walikuwa wameshachemsha maji,
wakingoja sifa. Nikayamwaga uani.
Moto huipikia damu ndani ya kitani, haitoki tena.
Watu husema damu nzito kuliko maji;
sisi wafuaji twajua, maji yakiwa baridi, damu husikia.
Hilo halimo katika gombo. Nilimwuliza, akatafuta,
akasema kweli halimo.

Hakuondoka. Alisimama chini ya boriti iliyoungua,
kisha akakunja mikono ya nguo yake ya kawaida.
"Nionyeshe."
Nikamwonyesha: usisugue, bonyeza, acha, bonyeza.
Maji yakawa mekundu, tukayamwaga,
yakawa ya waridi, tukayamwaga.
"Majivu sasa?" akauliza kuhani mkuu,
vidole vimemkunjamana kwa baridi.
Bado, nikasema. Bado.