Gia Huru

Kadi imebandikwa ubavuni mwa dashibodi,
mwandiko wa Arvid, herufi kubwa, kama anayemfokea kiziwi:
KWANZA PINI. HALAFU MINYORORO, IPISHANE.
WAYA WA TAA. KAMBA YA BREKI.
UFUNGUO ZUNGUSHA NUSU, USUKANI USIJIFUNGE.
GIA HURU, LAVONNE. GIA HURU.
RUDI UKAANGALIE TENA.

Ametii. Amerudi kuangalia mara tatu,
theluji ya kwanza ya Oktoba ikimdondokea kwenye miwani,
kisha akaiondoa Minot ile nyumba ya magurudumu sita,
ndefu kama bweni, na jiko lake, na kitanda cha watu wawili,
na nyuma yake, kwa magurudumu yake yenyewe manne,
pikapu ya marehemu.

Binti yao alisema iuzwe.
"Mama, gari la miaka kumi na tisa, kutu tupu,
ulipeleke Arizona likaote jua?"
LaVonne alijibu kwamba kule kambini duka liko mbali.
Jibu la mtu asiyetaka kuulizwa tena.

Maili mia. Maili mia mbili.
Kwenye kioo kidogo cha kamera ya nyuma
anauona usukani ukizunguka peke yake:
yeye akikata kulia, nao, kitambo kidogo baadaye, kulia;
kushoto, kushoto,
bila kiganja, bila kofia,
bila kile kikohozi cha kabla ya kona.
Siku ya kwanza aliizima kamera.
Siku ya pili aliiwasha kabla hata ya kuchemsha kahawa.

Na mita ya maili ya pikapu haisogei.
Ndivyo ilivyoundwa: ikikokotwa, haihesabu.
Dakota Kusini nzima imepita chini ya matairi yake
na yenyewe itakuapia haijatoka uani.

Wyoming, kituo cha mafuta nje ya Lusk.
Amekosea mstari, ameingia kwenye pampu iliyoishia ukutani.
"Rudi nyuma tu," kijana wa kituo anapunga mikono,
jina lake, Colter, limeshonwa kifuani.
"Hairudi."
"Kila gari linarudi."
"Likifungwa hivi, ukirudi nyuma unalivunja shingo.
Ni mbele tu, au ufungue."
Amesema kwa sauti ya Arvid. Anashtuka kuisikia.

Pini imekaza, vyuma vimebanana kwa ile kona.
Anaigonga kwa nyundo,
upepo wa tambarare ukimpandisha koti mgongoni,
malori mawili yakisubiri nyuma bila kupiga honi.
Inachomoka kama jino.

Sasa lazima mtu aingie kwenye pikapu airudishe.
Colter ananyoosha mkono apewe ufunguo.
LaVonne ameshafungua mlango.

Tangu Machi hajaketi hapa.
Harufu ya grisi, maganda ya alizeti, mbwa aliyemtangulia mwenyewe.
Kiti kimesukumwa nyuma kabisa, kwa miguu mirefu ya mtu mwingine;
kiatu chake hakiifikii breki.
Wenzo uko chini pale, unavuta tu, kiti kinakuja.
Mkono unaushika.
Mkono unauacha.
Anasogea hadi ukingoni, kama mgeni kwenye sofa la watu,
ananyoosha unyayo, anagusa,
na hivyo hivyo, nusu ameketi, nusu amesimama,
anarudi nyuma hatua ishirini.

Kisha nyumba. Kisha pini. Kisha minyororo, ipishane.
Colter anamshikia tochi ingawa bado ni mchana.
"Kwani hii huwa anaendesha nani?"
LaVonne anajipangusa grisi kwenye suruali.
"Kwa sasa, hakuna. Iko gia huru."

Akapanda, akafunga mkanda, akauwasha moto.
Akauzima.
Akashuka, akaenda nyuma kuangalia tena.