Kikulacho

Tuliikokota mashua hadi nchi kavu pale Usoma
kwa trekta ya kukodi, dereva akiuliza kila hatua
chombo chenye tanga kinataka injini ya nini.
Ogweno akamjibu: uulize upepo,
ukilala saa kumi na gugumaji limefunga njia.

Rafadha ilitoka na ndevu za mizizi.
Nati ililegea kwa nyundo na matusi ya Kiluo
ambayo mama, angekuwapo, angejifanya hakuyasikia.
Kisha shafti ikagoma. Ilirudi nyuma shubiri tatu,
ikagonga usukani, ikakaa.
Ama usukani ushuke, ama shafti ibaki.
Na chini ya usukani ni ardhi.
Basi tukachimba.

Wauza omena wawili, beseni kichwani, wakasimama.
"Mnazika nani?"
"Usukani."
"Poleni," mmoja akasema. Hakucheka.

Futi tatu na nusu kwenye udongo mweusi
unaong'ang'ania jembe kama mdai.
Usukani ukashuka shimoni, shafti ikapita juu yake.
Niliipokea kwa tambara,
ndefu kuliko nilivyokuwa mimi
baba aliponunua mashua hii
kwa karani mwenzake wa reli aliyehamishiwa Nakuru.

Nikaifuta grisi. Hapo ndipo nilipoiona:
pete iliyochimbwa ndani ya chuma, kina cha ukucha,
pale shafti inapopenya ukuta wa mashua.
Nilidhani mchanga. Nilidhani nyavu.
Nilidhani tuliuziwa chuma bandia.

Mmbone, anayekereza vyuma nyuma ya soko la Kibuye,
alivaa miwani, akapitisha kidole gumba kwenye ile pete
kama atafutaye mshipa wa mtoto.
"Ni kamba," akasema.
Ile kamba ya pamba iliyolowa mafuta, laini kama utambi,
inayofungwa kiunoni mwa shafti kuzuia maji.
"Kikulacho ki nguoni mwako. Nani alikuwa akiikaza?"

Baba. Kila Jumapili, magoti kwenye ngama, spana mkononi.
Akiona tone, anakaza.
Tone jingine wiki ijayo, robo mzunguko tena.
Ngama yake ilikuwa kavu kuliko meza ya chakula.
Siku tulipomrudisha mama Seme, kila mtu akilia,
yeye alikuwa akihesabu viti vya kukodi.

Hayo sikumwambia Mmbone. Nilisema, "Marehemu mzee wangu."
Akaitikia kwa pua. Akachagua chuma cha pua
kilichotoka kwenye pampu ya kiwanda cha sukari,
akakifunga mashineni, na kwa saa mbili
kikatoa nyuzi za buluu, zilizojikunja, zenye moto,
zikamdondokea kwenye kandambili wala hakusogea.
Elfu kumi na nne. Tulimpa tisa, na ngege watatu,
na nambari ya Ogweno kwa deni lililobaki.

Kurudisha ni kazi ya wembe:
uso wa shafti na uso wa injini vikutane
wembe usipite juu, usipite chini, usipite kando.
Ogweno alilala kifudifudi tangu asubuhi.
"Kushoto. Unywele. Nimesema unywele!"
Sisi wenyewe hatujawahi kulingana hivyo.

Usukani tukaufukua. Shimo lilibaki wazi usiku mmoja;
kulipokucha lilikuwa na chura.

Alhamisi tukaiteremsha majini.
Mmbone alikuwa ameniambia: "Ikizunguka, iache ivuje.
Matone mawili, matatu kwa dakika. Maji ndiyo yanayoipoza.
Ukiona pakavu, ogopa."
Nikashuka na tochi. Injini ikakohoa, ikashika.
Tone.
Nikahesabu hadi ishirini na tatu. Tone.
Mkono ukaenda wenyewe kwenye spana,
mkono wa baba, vidole vile vile vifupi.
Nikaukalia.

Ogweno akaita kutoka juu: "Kuna maji?"
"Yapo."
"Mengi?"
"Ya kutosha."

Shafti kuukuu sasa ni komeo la banda la kuku.
Nikilifungua alfajiri,
ile pete huwa pale pale kidole kinaposhika.