Sekunde Tano

Walinipigia saa nne asubuhi kutoka Chamanangwe:
Mize, njoo, kinu cha mwani kimekataa tena.
Nikauliza, kimekataa kuwaka?
Kombo akanyamaza kidogo.
La, akasema. Kimekataa kuzimika.

Nikafunga begi: bisibisi, mita ya kupimia volti,
kanga kuukuu ya kukalia sakafuni.
Nikatoka Wete sijanywa chai.

Mlangoni magunia yamepanga foleni,
mwani wa Tumbe, mkavu, unanuka chumvi na jua,
na kina mama sita wameketi juu yake
wananitazama viatu.
Fundi mwenyewe ndiye huyu?
Ndiye. Binti Shaame.
Haya. Tutaona.

Inveta ipo ukutani, kasha la kijivu,
kiooni herufi mbili zinapepesa, O na V,
kama macho ya mtu aliyeamshwa vibaya.
Na kila mtu ana mshitakiwa wake.
Meneja anaulaumu umeme wa Tanga,
unapita chini ya bahari, anasema,
unatufikia na hasira za safari.
Kombo anamlaumu panya.
Bi Riziki, yule wa viatu, anasema ni jicho.

Nikapima njia zote tatu:
mia nne na kumi na mbili, mia nne na kumi,
mia nne na kumi na tatu.
Umeme wa Tanga hauna kesi.
Nikaifuata kebo kwa vidole mpaka kwenye mota:
hakuna jino la panya.
Jicho, mita yangu haina kipimo chake.

Washa, nikasema.
Kinu kikajikusanya, kikanguruma, mwani ukawa vumbi,
na volti za tumboni mwa inveta, mia tano na themanini,
zimetulia kama maji ya mtungi.
Zima.
Mia sita.
Mia sita na tisini.
Mia saba na hamsini, mkono wangu ukarudi nyuma wenyewe,
mia nane,
tak.
O na V.

Kombo, yakhe, njoo.
Gari la ng'ombe limejaa magunia, linateremka mlima.
Nani anamsukuma nani?
Akacheka. Gari linamsukuma ng'ombe, nani asiyejua.
Basi gurudumu hili la chuma lina kilo mia mbili.
Ukiliambia simama, halikusikii,
linaizungusha mota kwa nguvu zake,
mota inageuka jenereta bila kuombwa,
umeme unarudi ulikotoka, unaingia kwenye kapasita
ambazo zimeshashiba.
Inveta si mbovu. Inafunga mlango isipasuke.

Nikafungua mipangilio.
Muda wa kusimama: sekunde tano.
Nani kaweka tano?
Kimya.
Halafu Kombo, akizitazama ndara zake:
Ilikuwa Ramadhani.
Kinu kilikuwa kinachukua dakika nzima kulala,
na adhana haimsubiri mtu,
na siku ile nyumbani palikuwa na mkate wa kumimina.

Ile methali ya haraka sikuitaja, imechoka,
inatumwa kila pahali.
Nikaweka sitini.
Nikamwandikia meneja: nunua rezista ya breki,
joto lipate pa kutokea.
Akauliza bei. Nikamtajia.
Akasema sitini zinatosha.

Tukazima.
Volti zikapanda mia sita na thelathini,
zikasita hapo, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani,
zikashuka.
Kinu kikapunguza sauti kidogo kidogo,
nasi tumesimama tunakisikiliza, dakika nzima,
kina mama sita, meneja, Kombo,
hakuna aliyekohoa.

Mume wangu waliachisha kazi bandarini, Bi Riziki akasema,
Alhamisi, saa sita mchana.
Hakupewa hata hizo tano.
Daktari alituambia ni moyo.

Akapangusa vumbi la mwani kwenye baibui,
akalishika gunia lake masikio mawili,
akauliza zamu ya nani.