Komeo

Rezekne, Februari. Hita ya gari imekufa tangu Krismasi,
naendesha na glavu, pumzi yangu inaganda kiooni.
Ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi.
Mlango unafunguka kabla sijabisha:
Ilga alikuwa nyuma yake, akihesabu hatua zangu ngazini.

Chai ipo. Mkate mweusi upo.
Kimya nacho kipo, kimekalia kiti cha kaka yake,
kiti ambacho hakuna anayekigusa
wala anayethubutu kukitupa.

"Nilimwokea keki," anasema. "Kila mwaka.
Nilimpa ufunguo wa nyumba."
Sina jibu. Miaka kumi na tisa ya kazi hii
imenifundisha kwamba kuna sentensi
ambazo ukizijibu unaziiba.
Namsogezea bakuli la sukari.

Mama yake hapokei simu tena.
Kwake yeye mjukuu ni mwongo, mwana ameonewa.
Damu imepasuka vipande viwili,
na kila kipande kinadai ndicho ukoo.

Madara ana miaka tisa. Yuko chini ya meza na paka.
Simfuati. Nalaza mkono sakafuni,
paka aje anuse, paka akipenda.
Lile hatulizungumzi.
Alikwisha kulisema mara moja, kwenye chumba chenye zulia la kijani,
mbele ya mtu mmoja aliyejua kuuliza,
nami niliahidi hatalazimishwa kulirudia
kwa kila mwenye koti na kalamu.
Leo tunazungumza paka. Anaitwa Pipars, yaani Pilipili.
"Hapendi kushikwa tumboni.
Ukimshika hataki, anakukwaruza."
"Ana haki," nasema.
Ananitazama muda mrefu,
kama muuza duka anayekagua noti.

Kisha, kutoka kule chini:
"Mlango wa chumba changu haufungi."

Fomu yangu ina kurasa kumi na moja.
Kuna kisanduku cha usingizi, kuna cha hamu ya chakula,
kuna cha "mengineyo" kisichotosha hata kidole.
Cha komeo hakuna.

Nashuka ngazi. Duka la vyuma liko ng'ambo ya reli.
Mzee Aloizs anauliza: la ndani au la nje?
La ndani. La kufungwa na mtoto.
Haulizi tena; anaongeza skrubu mbili za bure.

Ilga anashika tochi, mimi bisibisi.
Mbao ni kavu, mkono wangu si wa fundi;
komeo limekaa upande, kama meno ya mbele ya Madara.
Tumekubaliana watatu: waya wa kufungulia kwa nje
utakaa juu ya friji, kwa ajili ya moto tu.
Moto tu, anarudia Madara. Uandike.
Naandika, nyuma ya fomu, kwa herufi kubwa.

Anaingia na paka.
Klak.
Kisha anafungua. Klak. Anafunga.
Klak, klak, hadi jirani wa chini anagonga dari na ufagio,
na Ilga, mkono mdomoni,
sijui analia au anacheka.

Kesi itasikilizwa Mei. Hakimu simjui.

Mara ya kumi na mbili, au na tatu,
mlango unafunguka upana wa kiganja,
paka anatoka,
mlango unafungwa tena.

Tunangoja. Chai imekwisha poa.